Ekseli ya kusanifu nyambizi ndogo: nimeitumia mwezi mzima, haya ndo niliyoyaona

Sisi tunaobuni majeshi ya wanamaji ya historia mbadala, yaani historia ya "ingekuwaje kama", kwenye manowari za juu ya maji hatuna shida, programu zipo, unaweka urefu, upana, mizinga, unene wa chuma, inakwambia itaelea au itapinduka. Ukija kwenye nyambizi unabaki unakisia tu. Ndo maana nilivyolipata hili faili la ekseli, la bure kabisa, limetengenezwa na mtu anayeonekana anaijua kazi yake, nikalidaunilodi usiku uleule na sikulala mapema.

Kabla ya kubuni chochote nililipima kwanza, na nakushauri na wewe ufanye hivyo na zana yoyote ya namna hii: liwekee boti ya kweli uone litajibu nini. Mi nilichagua Type IIA, nyambizi ndogo ya Ujerumani, kwa sababu takwimu zake zinajulikana, tani 254 ikiwa juu na 303 ikiwa imezama, urefu mita 40.9, dizeli mbili za jumla ya nguvu farasi 700, maili 13 za baharini kwa saa juu ya maji na 6.9 chini. Na historia yake yenyewe ni kama historia mbadala vile, Mkataba wa Versailles uliwakataza Wajerumani kuwa na nyambizi, wakafungua ofisi ya usanifu Uholanzi, mchoro ukajengwa Turku kule Ufini na boti ikaingia majini 1933, ndo ile Vesikko ambayo leo ni makumbusho kwenye ngome ya kisiwani Suomenlinna, Helsinki, halafu 1935 Uingereza ikakubaliana nao mwezi wa sita wawe na nyambizi tena na U-1, Type IIA yao ya kwanza, ikaanza kazi mwezi huohuo. Yaani kila kitu kilishakuwa tayari kinasubiri saini.

Basi, nikajaza. Tani zilitoka karibu sana na zile za kweli, kasi ya juu ya maji ilipishana kwa chini ya nusu maili, hapo nikaliamini. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba kila unachoongeza unakilipia palepale. Nilianza na tamaa, nataka mirija minne ya torpedo, mzinga mmoja sitahani, betri kubwa, vyote ndani ya tani 250, na lile faili kila nikigusa seli moja linapandisha nyingine, ukiongeza torpedo gamba la ndani, lile linalohimili shinikizo la maji, linarefuka, likirefuka chuma kinaongezeka, chuma kikiongezeka unahitaji nguvu zaidi, nguvu zaidi ni dizeli kubwa na mafuta zaidi, na mafuta yanataka nafasi ambayo ulishawapa mabaharia kulala. Nimejifunza mengi kwenye zile siku tatu za kubishana nalo kuliko miaka ya kusoma majedwali. Mwisho nikabaki na mirija mitatu omoni, yaani mbele, torpedo nne, mzinga nikauacha kabisa nikaweka bunduki moja ya rashasha, watu 21. Na kwa ghuba ya hadithi yangu, yenye kina cha mita 30 hadi 50 ambayo ndo kazi yake, naona hiyo ndo boti sahihi, manake pale mzinga unakuchelewesha kuzama tu.

Kitu kingine kizuri ni seli ya mwaka. Ukiandika 1931 dizeli inakuwa nzito kwa kila nguvu farasi, ukiandika 1938 inapungua, betri vilevile. Ila haikufungii teknolojia, unaweza kutiki bomba la kuvutia hewa ya dizeli boti ikiwa imezama kidogo tu, kwenye boti ya 1931 na faili linakubali, wakati Waholanzi ndo waliliweka kwenye nyambizi yao O 19 iliyoanza kazi 1939. Hilo halinisumbui sana, mtu akitaka historia yake iende mbio ni haki yake, lakini anayeanza hatajua kwamba amevuka mstari.

Sasa mapungufu. La kwanza ni betri. Hesabu ya nguvu wameiweka vizuri, ukipunguza kasi kutoka maili 6.9 hadi 4 unahitaji kama moja ya tano tu ya nguvu, ndo maana IIA iliweza kwenda maili 35 chini ya maji kwa mwendo huo, karibu saa tisa. Lakini faili linadhani betri inatoa umeme uleule uwe unautumia polepole au kwa pupa, na betri haiko hivyo, ukiinyonya haraka inakupa kidogo kuliko ilichobeba. Kwa hiyo muda wa kukimbia kwa kasi kamili linaokupa ni mwingi mno, ukate wewe mwenyewe.

La pili ndo kubwa kwangu, halijui kitu kinaitwa mizani. Linaichukulia boti kama imetulia tu, iko juu au iko chini, basi. Nyambizi ndogo maisha yake yote ni kusawazisha uzito, torpedo moja ya sentimita 53 inakaribia tani moja na nusu, ukiirusha omo linakuwa jepesi ghafla na kwenye boti ya tani 300 hiyo siyo kidogo, maji yasipoingia haraka kufidia omo linachomoza juu mbele ya macho ya adui uliyemkosa. Boti kubwa inavumilia, hii haivumilii. Nilitegemea angalau safu moja ya matangi ya kufidia omoni na tezini (nyuma), haipo, farumi yote, yaani uzito wa kusawazisha boti, imejumlishwa kwenye namba moja.

Faili nalipa nyota nne, na ile ya tano nitaiongeza siku wakiweka hiyo safu.

Lingine linafanana na hilo, chumvi. Faili linatumia uzito wa maji ya bahari kuu peke yake, kama kilo 1,025 kwa mita ya ujazo, na hakuna pa kubadilisha. Ghuba yangu nimeibuni mfano wa Baltiki, maji yake yana chumvi kidogo, ni kama 1,005 hivi. Tofauti ni asilimia mbili, inaonekana ya kupuuza, ila piga hesabu kwa boti ya tani 300 unapata tani sita za maji ambazo lazima iweze kuzichukua ikitoka ghubani kwenda bahari kuu, la sivyo haizami. Na kwenye hadithi yangu itatoka, vita ikianza ndo safari yake ya kwanza. Nimefungua fomula nikaongeza tangi mwenyewe katikati ya boti, limekaa vizuri, uzito haujahama, lakini nafasi ilibidi itoke mahali, kwa hiyo vitanda viwili vimeondoka na mabaharia wanne watalala kwa zamu juu ya torpedo ya akiba mpaka itakapopakiwa kwenye mrija.