Rafu ya vitabu na filamu za kutisha maktabani: kipi kinunuliwe kwanza na kipi kisubiri

Mwazimaji akifika mezani na kusema "nipe kitu cha kutisha", bado hajasema anachotaka. Yupo anayetaka moyo umwende mbio, yupo anayetaka nywele zimsimame polepole, na yupo anayetaka tu kuliona jitu likibomoa mji. Mkutubi akinunua kwa kufuata yanayovuma, rafu itajaa damu na wawili kati ya hao wataondoka mikono mitupu. Hapa tumeanza na mazimwi yenye majina, maana ndiyo yanayoulizwa. Tatizo ni kwamba hayo hayo ndiyo yenye nakala mbovu nyingi, kwa hiyo toleo unalochukua lina uzito sawa na jina la jaladani.

Ya kwanza ni Frankenstein, kitabu. Mary Shelley alikitoa mwaka 1818 bila kuweka jina lake, kisha akakiandika upya sehemu nyingi kwa ajili ya toleo la 1831. Machapisho ya bei ya chini mara nyingi hayasemi ni lipi kati ya hayo mawili, lakini ukurasa wa yaliyomo unatosha kukuonyesha. Sura zikihesabiwa mfululizo hadi 24, umeshika la 1831. Zikigawanywa katika juzuu tatu, na kila juzuu ikianza tena na sura ya kwanza, ni la 1818. La 1818 lina makali zaidi kwa sababu Victor Frankenstein, aliyeunda kiumbe, anabeba mwenyewe lawama za maamuzi yake. Katika la 1831 majaaliwa yanamsukuma zaidi. Kama fedha inatosha nakala moja tu, chukua la 1818. La 1831 lina utangulizi wa mwandishi unaoeleza hadithi ilivyoanza, na wanafunzi huufaidi. Mwambie mwazimaji mapema kwamba Frankenstein ni jina la aliyeunda, si la kiumbe, na kwamba kiumbe huyo anaongea, tena kwa ufasaha kuliko watu wengi wa humo ndani. Aliyezoea kumwona kwenye sinema akiguna tu anaweza kudhani amepewa kitabu kisicho chake.

Ya pili ni filamu ya Godzilla ya mwaka 1954, ya Ishirō Honda, dakika 96. Mwaka 1956 ilitoka ya Marekani: waliikata ya Kijapani na kumpachika Raymond Burr kama mwandishi wa habari, ikabaki kama dakika 80. Jitu limebaki, ila huzuni ya bomu la nyuklia iliyoibeba filamu imepungua sana. Soma nyuma ya jalada, dakika na mwaka, kabla ya kuagiza. Diski yenye zote mbili ndiyo bora. Damu ni chache, lakini yapo majeruhi hospitalini, wakiwemo watoto; usimkabidhi mzazi mwenye mtoto mdogo bila kumtajia hilo.

Ya tatu ni kwa ajili ya wasiopenda damu kabisa: The Haunting of Hill House, riwaya ya Shirley Jackson ya 1959, pamoja na The Haunting, filamu aliyoitoa Robert Wise mwaka 1963. Hakuna mzuka unaoonekana. Kuna kishindo ukutani, na katika filamu kuna mlango wa mbao unaovimba kuelekea ndani kama unaopumua. Basi, na inatosha kumnyima mtu usingizi. Makosa ya kuagiza yapo hapa: filamu ya 1999 ina jina lile lile na inaonyesha kila kitu, na House on Haunted Hill ya 1959 ni hadithi nyingine kabisa. Andika mwaka na jina la mwongozaji kwenye oda.

Filamu ya Nosferatu ya 1922 tunaiweka ya nne, kwa sharti moja. Nakala zake zimezagaa, nyingi zikiwa nyeusi na nyeupe tupu. F. W. Murnau alipiga mandhari nyingi za usiku wakati wa mchana, na nakala za sinema zikatiwa rangi ya buluu ili mtazamaji ajue ni usiku. Rangi ikikosekana, mnyonya damu anayekufa kwa mwanga wa jua anabeba jeneza lake barabarani jua likiwaka, na watu wanacheka. Tafuta iliyorekebishwa, yenye rangi, ya dakika 94 hivi. Tahadhari hiyo hiyo ihamishie kwa Night of the Living Dead ya 1968: jina la filamu lilipobadilishwa, alama ya hakimiliki haikurudishwa, kwa hiyo huko Marekani yeyote anaweza kuuza nakala yake, hata iliyofifia.

Dracula, riwaya ya Bram Stoker ya 1897, iko ya tano tu. Sura nne za mwanzo, njiani na ndani ya ngome, ni moto, katikati pamelegea. Asiye na subira mpe kwanza Carmilla ya Sheridan Le Fanu, nayo ya mnyonya damu, iliyotangulia kwa miaka 25 na ni fupi. Dracula karibu yote ni shajara, barua na telegramu, hivyo kagua ukurasa wa kwanza: tarehe ya Mei 3 na jina la mji wa Bistritz vionekane wazi. Chapisho lililochanganya vichwa hivyo na maandishi ya kawaida litampoteza msomaji.

The Thing, filamu ya John Carpenter ya 1982, ibaki mwisho. Ni nzuri sana, lakini inachefua, na mbwa wanateseka. Wapo wanaotazama watu wakichinjwa bila kupepesa macho na hawawezi kumwona mbwa akiumia, kwa hiyo uliza.

Kabla ya kulipa, hakikisha namba ya ukanda wa DVD, yaani sehemu ya dunia ambayo diski imetengenezewa, inakubaliwa na mashine za wazimaji wako. Namba 0 haina kizuizi. Epuka juzuu nene zilizoshikwa kwa gundi tupu, kwa kuwa mgongo hupasuka na kurasa za katikati hutangulia kudondoka. Na kununua diski hakukupi haki ya kuionyesha hadharani maktabani: kibali cha maonyesho hulipiwa peke yake.