Uzoefu wangu wa kuunganisha kuta na sakafu ya trela ya kulala kwa gundi ya PL Premium

Trela ninayoizungumzia ni ile ndogo yenye umbo la tone la maji, inayotosha kitanda cha watu wawili ndani na jiko dogo nyuma chini ya mfuniko, ambayo Wamarekani wamekuwa wakijijengea wenyewe nyumbani tangu miaka ya 1930. Yangu niliijenga hapa Minnesota juu ya chesisi ya chuma ya futi 4 kwa 8, ya aina inayouzwa vipande vipande ndani ya boksi na kufungwa kwa bolti. Kwa kuwa wapo wasomaji wa Kiswahili, hapa ughaibuni na huko nyumbani, wanaofikiria kazi ya namna hii, nitaeleza hatua moja tu ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoamua kama trela itadumu, yaani kiungo cha ukuta na sakafu, pamoja na tathmini yangu ya gundi niliyoitumia hapo, Loctite PL Premium.

Nianze na kiungo chenyewe, kwa sababu gundi haiwezi kusifiwa wala kulaumiwa kabla ya kujulikana imewekwa wapi. Wajenzi wengi huchagua kati ya njia mbili. Ya kwanza ni kuusimamisha ukuta juu ya sakafu na kuushikiza kwa papi iliyolazwa kwenye pembe ya ndani. Ya pili ni kuushusha ukuta upande wa nje hadi ufunike ubavu wote wa sakafu, kisha kuubana hapo kwa gundi na skrubu. Nilichagua ya pili, na ningeichagua tena bila kusita. Sakafu yangu ni fremu ya papi za inchi 2 kwa 2, ambazo zikisharandwa huwa na milimita 38, na juu yake kuna plaiwudi ya milimita 12. Kwa hiyo ubavu wake una kimo cha milimita 50. Ukuta ukishuka juu ya ubavu huo kwa urefu wote wa milimita 2,440, unapata sentimita za mraba 1,220 za eneo la kugundishwa kwa kila upande. Ukuta wa milimita 18 ukisimamishwa juu ya sakafu, eneo hilo halifiki sentimita za mraba 440, tena kwenye ukingo uliokatwa wa plaiwudi, ambako karibu nusu ya matabaka yameelekeza nyuzi zake nje na kuinywa gundi badala ya kushikana nayo. Papi ya ndani hufidia upungufu huo, lakini huchukua nafasi ya godoro, na mshono unaobaki kati ya ukuta na sakafu huelekea nje kabisa, mahali ambapo magurudumu hurusha maji.

Jambo jingine linalonifanya niipende njia ya pili ni jinsi nguvu zinavyopita. Trela ikiwa barabarani, gurudumu moja likiingia shimoni na jingine likibaki juu, sanduku zima hujaribu kujipinda, na ukuta hutaka kuteleza mbele na nyuma kando ya sakafu. Skrubu iliyopenya ukuta na kuzama katika mbao nzima ya fremu hupambana na mteleko huo kwa upana wa mwili wake. Skrubu iliyopigwa kutoka chini ya sakafu kwenda kwenye ukingo wa plaiwudi hujikuta kati ya matabaka, na mtikisiko wa muda mrefu huyatenganisha. Hii ndiyo sababu ninasisitiza kwamba pembezoni mwa sakafu pawe na mbao nzima, wala pasiwe na ukingo wa plaiwudi peke yake, hata kama plaiwudi hiyo ni nene.

Sasa niiseme gundi. PL Premium ni gundi ya poliurethini ya kijenzi kimoja, yaani haihitaji kuchanganywa na kitu kingine, huja katika katriji ya mililita 295 inayoingia kwenye bunduki ya kawaida ya silikoni, na katriji moja ilinigharimu chini ya dola 10. Hukauka kwa kuvuta unyevu wa hewani na wa kwenye mbao zenyewe. Sifa hiyo ina maana kubwa katika nchi ya baridi, ambako hewa ya gereji yenye hita huwa kavu mno. Nililipitisha sponji lenye unyevunyevu juu ya ubavu wa sakafu, bila kuulowesha, ndipo nikaipaka. Inashika mbao, chuma na alumini, inaziba nafasi ndogo pale ambapo mbao mbili hazikukutana sawasawa, na ikishakauka inapakika rangi. Gundi nyeupe ya useremala, hata ile inayohimili maji, huhitaji mbao zikutane barabara na zibanwe kwa nguvu kwa urefu wote, jambo ambalo si rahisi kwenye ukuta wa futi 8. Silikoni nisingeiruhusu ikaribie kiungo hiki hata kidogo, kwa kuwa haina nguvu ya kubeba na huacha utando ambao rangi na gundi nyingine hazishiki juu yake, kiasi kwamba matengenezo ya baadaye huwa mateso.

Kabla ya kufungua katriji nilizisimamisha kuta zote mbili kavu, zikashikwa kwa klampu na skrubu chache, nikatoboa matundu yote ya mwongozo ya skrubu, kisha nikapima pembe za sakafu kwa ulalo, yaani kutoka kona moja hadi kona ya mkabala. Sakafu ya milimita 1,220 kwa 2,440 yenye pembe za mraba kamili ina ulalo wa takriban milimita 2,728 kila upande. La msingi zaidi ni kwamba lalo zote mbili zilingane. Gundi ikishabana, hakuna tena nafasi ya kurekebisha sakafu iliyokwenda upande.

Siku ya kugundisha, mwenzangu alishika ukuta nami nikaubana. Nilipaka mistari miwili ya gundi iliyopindapinda kwa urefu wote wa ubavu, tukauinamisha ukuta mahali pake, na nikapiga skrubu za chuma kisichoshika kutu kila baada ya milimita 150, nikipishanisha moja juu na moja chini ili zisifuate mstari mmoja wa nyuzi na kuupasua. Gundi ilipochomoza kwa urefu wote bila kukatika, nilijua kwamba imeenea. Skrubu hizo, kwa mtazamo wangu, kazi yake kubwa ni kubana hadi gundi ikomae. Baada ya hapo ni gundi inayobeba, kwa kuwa inaugawa mzigo katika eneo lote badala ya kuuelekeza kwenye matundu. Skrubu nyeusi za kupigia bodi za jasi ziachwe dukani, kwani ni ngumu lakini huvunjika upesi zikitikiswa, na hazina kinga ya maana dhidi ya chumvi inayomwagwa barabarani hapa wakati wa theluji. Klampu niliziacha saa 24.

Kasoro za PL Premium zipo na ni za gundi za aina hii kwa jumla. Huanza kuwa nzito baada ya dakika chache, kwa hiyo haifai kuipaka pande zote mbili kwa wakati mmoja. Ikigusa ngozi haitoki kwa sabuni, na mabaki yaliyokauka hukwanguliwa tu. Yafutwe yakiwa bado mabichi, kwa kitambaa chenye asetoni. Ina kemikali za isosayaneti, ambazo hudhuru mapafu na ngozi, hivyo milango ifunguliwe na glavu zivaliwe. Isipakwe pia kwenye baridi kali, na katriji iliyofunguliwa huganda mdomoni, hata ukiiziba kwa msumari.

Ukingo wa chini wa ukuta ndio mahali pa hatari hata kiungo kikiwa imara namna gani, kwa sababu huning'inia karibu na barabara na nyuzi zake hufyonza maji kwenda juu. Nililoweka ukingo huo kwa vanishi ya mafuta iliyochanganywa na vipimo viwili vya spiriti ya madini (kiyeyusho cha rangi) kwa kipimo kimoja cha vanishi, nikirudia hadi mbao zikakataa kunywa zaidi, kisha nikamalizia kwa vanishi isiyochanganywa. Sehemu ya kugundishwa niliikinga kwa utepe wa karatasi, maana PL Premium inahitaji mbao tupu ili ishike. Mbao zilizotiwa dawa ya shaba dhidi ya kuoza nilizikwepa kwa makusudi, kwa sababu shaba hiyo hula alumini, na ngozi ya nje ya trela yangu ni alumini.

Tangu hapo trela imepita katika majira ya baridi ya huku, ambayo hushuka chini ya nyuzi 30 za baridi, na imevutwa mara nyingi kwenye Barabara Kuu ya 61 kando ya Ziwa Superior kutoka Duluth hadi Grand Marais, pamoja na njia za changarawe ndani ya Msitu wa Taifa wa Superior, ambazo hutikisa kila kilichofungwa na kisichofungwa. Nimepitisha ncha ya bisibisi kwenye mshono wote kutoka chini, nikitafuta mbao laini au ufa, sikupata. Rangi iliyopakwa juu ya mshono haijapasuka hata pale karibu na magurudumu, na ndani hakuna mlango wa kabati uliopoteza pembe yake. Hilo la mwisho silipi gundi peke yake sifa, kwa maana ukuta wa kati unaotenganisha kitanda na jiko, nilioufunga kwenye sakafu na kuta zote mbili kwa gundi hiyohiyo, ndio unaozuia sanduku lisilale upande.

Katriji mbili zinatosha kuta zote mbili, na ya tatu inunuliwe kwa ajili ya ukuta wa kati. Kila majira ya kuchipua naiosha chumvi chini ya trela kwa maji mengi, naiacha ikauke kabisa, kisha naupaka ukingo wa chini vanishi mpya.