Kamera za ulinzi nyumbani kwa anayeanza: nimezipanga kuanzia ya kununua mpaka ya kuiacha dukani

Wengi wakianza kutafuta kamera ya nyumbani kitu cha kwanza kuuliza ni megapikseli ngapi, na muuzaji nae anajua hivo ndo maana boksi limeandikwa 4K kubwa mbele. Mi nimezipanga kwa swali lingine kabisa: mtu akiruka ukuta saa nane usiku, intaneti imekata, je hiyo video itakuwepo kesho asubuhi, na sura yake itajulikana au utaona tu kivuli cheupe kinatembea? Kamera inayojibu hapo vizuri nimeiweka juu, inayobabaika imeshuka, hata kama apu yake ni nzuri kiasi gani.

Kabla ya kununua chochote zunguka nyumba yako kwanza. Geti, mlango wa mbele, mlango wa nyuma, pale gari linapolala, madirisha ya chini. Utakuta sehemu 3 au 4 tu ndo za maana, zingine ni kujaza idadi. Seti ya kamera 8 inavutia lakini kamera 3 zilizokaa sehemu sahihi zinaipiga mbali sana ile seti.

Haya, namba moja: kamera za waya wa mtandao, zile za PoE, pamoja na rekoda yake NVR. Waya mmoja tu unaenda kwenye kamera, humo humo unapita umeme na picha, kwa hiyo huhitaji soketi pale juu ukutani. Waya unaweza kwenda mpaka mita 100, na kiwango cha kawaida cha PoE kinatoa wati 15.4 kwa kila tundu wakati kamera nyingi za nyumbani hazifiki hata 10, so umeme unatosha na unabaki. Uzuri wake mkubwa kwangu ni huu: kila kitu kinaishia sehemu moja, kwenye rekoda, kwa hiyo ukiweka UPS moja tu pale, yaani betri ya akiba, basi umeme ukikatika kamera zote zinaendelea kurekodi, na intaneti ikifa hazijali kwa sababu intaneti ni ya wewe kuchungulia ukiwa mbali tu, kurekodi hakuihitaji.

Ubaya ni kazi ya kupitisha waya. Kutoboa ukuta, kupanda darini, vumbi, siku nzima inaisha, na kama nyumba sio yako mwenye nyumba anaweza kukataa. Alafu kuna mtego kwenye waya wenyewe: ile bei rahisi mno mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba juu, inaitwa CCA, na umeme ukipita mbali kwenye huo waya unapungua njiani, kamera inakuwa inazima zima usiku pale taa zake zikiwaka. Kwangua kwa kisu, ukiona ndani ni nyeupe, rudisha. Taka shaba tupu, daraja la waya la Cat5e linatosha kabisa, usiuziwe kubwa zaidi kwa maneno. Na angalia NVR yako ina matundu ya PoE nyuma yake yenyewe au itabidi ununue swichi ya PoE pembeni, kile kiboksi cha kugawa matundu, watu wanashtukia hii nyumbani boksi likiwa limeshafunguliwa. Kuna pia seti za bei ya chini zinazotumia PoE isiyofuata kiwango, inasukuma umeme tu bila kuuliza kifaa kinataka nini, hizo ukichomeka kifaa kingine unaweza kukiua. Tafuta iliyoandikwa 802.3af au 802.3at, hayo ndo majina ya PoE inayofuata kiwango.

Kitu kingine hapo hapo, hakikisha kamera na rekoda zote zinakubali ONVIF. Ni kiwango kilichoanzishwa 2008 na Axis, Bosch na Sony ili vifaa vya kampuni tofauti vielewane, maana yake kesho kamera moja ikifa huna haja ya kutafuta ya kampuni ile ile.

Namba mbili ni zile za zamani zilizoboreshwa, rekoda ya DVR na kebo ya koaksi, ile ya duara kama ya antena ya TV. Watu wanazidharau ila kusema ukweli kwa hela ndogo hakuna kinachoishinda, picha ya leo ni 1080p na kuendelea, sio ule ukungu wa zamani, na zina faida zile zile za kurekodi ndani bila intaneti. Shida ni kwamba kila kamera inataka na umeme wake wa volti 12, kwa hiyo unavuta kebo pacha, moja ya picha moja ya umeme, na viunganishi vya BNC vikifungwa vibaya picha inacheza cheza na utatafuta tatizo mpaka uchoke. Zinakuja kwa majina matatu, TVI, CVI na AHD, DVR nyingi za sasa zinapokea yote lakini soma kwanza. Kama nyumba tayari ina kebo za koaksi ukutani kutoka mfumo wa zamani, basi kwako hii ndo namba moja, usibomoe kitu.

Namba tatu, kamera za WiFi za kuchomeka kwenye soketi. Najua wengi mliosoma mpaka hapa ndo mnazitaka, na kama umepanga, au ni chumba kimoja, au unataka tu kuona mtoto na mlango, nunua hii na ulale. Dakika 10 imeshawaka. Ila zijue. Neno "bila waya" ni la uongo nusu, waya wa umeme upo, kinachokosekana ni wa picha tu. Nyingi zinashika 2.4GHz pekee, ambayo kwa kweli ni bora kwa kazi hii kwa sababu inapenya kuta kuliko 5GHz, lakini kama rauta yako imechanganya zote kwa jina moja kuunganisha mara ya kwanza kunaweza kukusumbua, tenganisha majina kwa muda. Pima mtandao kwa simu ukiwa umesimama pale pale kamera itakapokaa, mlango ukiwa umefungwa, ukiona unasuasua usitegemee miujiza.

Kurekodi kwake ni kwenye memori kadi ndani ya kamera yenyewe au kwenye wingu, yaani kompyuta za kampuni huko kwenye intaneti, kwa malipo ya kila mwezi. Kadi ya kawaida ya simu haikutengenezwa kuandikwa usiku na mchana, itakufa kimya kimya na utajua siku unaihitaji, tafuta iliyoandikwa High Endurance. Na fikiria, mwizi akiing'oa kamera anaondoka na ushahidi wako mfukoni. Kwa hiyo ya WiFi ipandishe juu pasipofikika, au chagua inayoweza kutuma video kwenye NVR au kompyuta ya ndani kwa RTSP, njia ya kutuma video inayoeleweka na vifaa vingi. Kuhusu malipo ya wingu uliza swali moja tu kabla hujalipa: nikiacha kulipa, nini kinabaki? Kuna zingine ukiacha unabaki na kuangalia moja kwa moja tu, hakuna kurudi nyuma hata dakika moja.

Zile zinazozunguka kichwa ni tamu kucheza nazo ila zinaangalia upande mmoja kwa wakati, na tukio huwa upande mwingine. Kwa ndani sawa, kwa nje weka iliyotulia.

Namba nne, za betri na sola. Hizi haziko macho, zinalala, kihisi cha joto la mwili ndo kinaziamsha, kwa hiyo video nyingi zinaanza mtu akiwa ameshapita nusu, unapata mgongo. Ukiziweka zinazoangalia barabara yenye watu betri itaisha upesi sana. Mahali ambapo umeme haufiki kabisa, sawa, banda la nyuma, geti la mbali, kama nyongeza. Kuufanya ndo mfumo mzima, hapana.

Namba tano ni za laini ya simu, 4G. Zina sehemu yake, shamba, kiwanja kinachojengwa, popote pasipo na intaneti. Hesabu ya bando tu ndo ya kukumbuka: kuangalia moja kwa moja kwa Mbps 1 ni MB 450 kwa saa, ongeza ubora mpaka Mbps 2 na unakula MB 900. Iwekwe irekodi kwenye kadi na ikutumie taarifa tu.

Mwisho kabisa, kamera za balbu, zile unazofunga kwenye soketi ya taa. Mtu akizima swichi kamera imezimika, hapo hata sielezi zaidi. Na zile za bandia zenye kitaa chekundu kinachometa meta, mwizi mzoefu anazijua, hela hiyo kula.

Sasa turudi kwenye megapikseli maana najua bado zinakuwasha. Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi cha 2014 kilisema ili kumtambua mtu usiyemjua unahitaji pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa picha. Chukua kamera ya 2MP, yaani pikseli 1920 kwa upana, na lenzi ya 2.8mm inayoona kwa upana wa pembe ya nyuzi kama 100 hivi: utamtambua mtu akiwa ndani ya mita 3 tu. Akiwa mita 10 unaona kuna mtu kavaa shati, basi. Kamera hiyo hiyo ukiipa lenzi ya 6mm, inayoona kwa wembamba, inakufikisha kama mita 8. Umeona? Lenzi imefanya kazi zaidi ya kuongeza megapikseli, na ndo maana kwa geti lililo mbali nunua lenzi ya 6mm, kwa mlango wa karibu 2.8mm, usinunue seti ambayo zote ni 2.8mm alafu ukashangaa.

Usiku kuna mambo yake. Megapikseli nyingi kwenye sensa ndogo, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, kila pikseli inapata mwanga kidogo, kwa hiyo 8MP ya bei chee inaweza kuwa mbaya gizani kuliko 4MP yenye sensa kubwa. Tafuta ukubwa wa sensa kwenye maelezo, 1/1.8 ni kubwa kuliko 1/2.8, ndio namba ya chini ikiwa ndogo sensa ni kubwa. Taa za infraredi, zile za kuonea gizani, zipo za 850nm zinazoonekana wekundu hafifu na za 940nm zisizoonekana kabisa ila hazifiki mbali. Na usiweke kamera nyuma ya kioo cha dirisha, usiku taa zake zinarudi zenyewe na unaona ukungu mweupe. Buibui pia wanapenda ile taa, utando mbele ya lenzi unawasha taarifa usiku kucha, futa mara kwa mara. Za nje ziwe IP66 au zaidi, yaani zinazuia vumbi na maji, urefu wa mita 2.5 mpaka 3, juu zaidi ya hapo unarekodi kofia.

Diski nayo. Kamera inayotuma Mbps 4 inajaza GB 1.8 kwa saa, GB 43 hivi kwa siku. Kamera 4 kwa diski ya TB 1 ni siku 5 na kidogo kabla haijaanza kufuta za nyuma. H.265, njia mpya zaidi ya kubana video, inaweza kupunguza mpaka karibu nusu ukilinganisha na H.264 ya zamani, iwashe. Diski iwe ya kazi ya ulinzi, kama WD Purple au Seagate SkyHawk, sio ile uliyoitoa kwenye kompyuta ya zamani.

Kuhusu usalama wa kamera yenyewe, hapa msifanye mzaha. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na DVR nyingi sana duniani kwa kutumia tu paswodi za kiwandani ambazo hakuna aliyebadilisha, zikatumika kuiangusha Dyn, kampuni iliyokuwa inaelekeza watu kwenye tovuti, na tovuti kubwa zikapotea. Uingereza tangu Aprili 2024 ni marufuku kuuza kifaa cha namna hiyo chenye paswodi ya kiwandani iliyo rahisi kubahatisha. Wingu nalo sio salama kiasi unachofikiria, Februari 2024 kampuni ya kamera ya Wyze ilikiri watumiaji kama 13,000 walionyeshwa picha kutoka kamera za watu wengine. Kwa hiyo badilisha paswodi, washa uthibitisho wa hatua mbili, sasisha programu, usifungue bandari (port) kwenye rauta, yaani mlango wa kuingilia kutoka intaneti, hata kama fundi anakwambia ndo njia rahisi. Na chumbani na bafuni kamera haiingii.

Jirani pia ana haki yake. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua 2014 kwamba kamera ya nyumbani inayorekodi mpaka barabarani inaguswa na sheria ya data binafsi, kwa hiyo ulizia sheria ya unapoishi. Kamera nyingi zina sehemu ya kuziba kipande cha picha kwa rangi nyeusi, ziba dirisha la watu.

Ukishanunua usikaze skrubu zote siku ya kwanza. Shikiza kwa muda, subiri giza, mwambie mtu apite pale kwa kasi ya kawaida kichwa chini kidogo, alafu angalia ILE ILIYOREKODIWA, sio ya moja kwa moja kwenye apu, kwa sababu picha inayotembea inadanganya macho na ukiisimamisha unakuta sura ni uji. Sogeza, jaribu tena, ndo ukaze. Hakikisha saa ya rekoda ni sahihi, na jifunze siku hiyo hiyo kutoa kipande cha video kwenda kwenye flashi, maana polisi wakikuomba cha saa nane na robo hawatakusubiri usome kitabu cha maelekezo.