Dodoso la M-CHAT-R/F: maoni yangu baada ya kulitumia kituoni kwetu

Nilikuwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto mpaka nilipostaafu, na sasa nasimamia kituo kidogo cha kulelea watoto mchana hapa Morogoro. Wazazi wananiuliza sana kuhusu dodoso la dalili za usonji (autism, hali ya ukuaji inayogusa mawasiliano na kushirikiana na wengine) liitwalo M-CHAT-R/F, kwa sababu linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya kina mama, na mara nyingi linafika likiwa nusu. Nimelitumia vya kutosha kulisifia panapostahili na kulilalamikia panapostahili.

Ni maswali 20 ya ndiyo au hapana, kwa mtoto wa miezi 16 hadi 30. Waliolitunga ni Diana Robins, Deborah Fein na Marianne Barton wa Marekani, na wameliachia litumike bure. Gharama yangu ni ya kuchapisha pale steshenari tu. Mzazi akikaa mahali pametulia, anamaliza katika dakika chache.

Ninalipenda kwanza kwa kile linachokiangalia. Mitaani kwetu mtoto hupimwa kwa mambo mawili: ametembea? anaongea? Akiwa hajaongea, utasikia watoto wa kiume huchelewa, au baba yake naye alichelewa na leo ni fundi mzuri. Dodoso hili halianzi na maneno. Linaangalia kidole. Je, mtoto ananyoosha kidole kuomba kitu asichokifikia? Halafu, kwa swali la pekee, je, ananyoosha kidole ili na wewe ukione kitu kilichompendeza, kama ndege angani au lori kubwa barabarani? Watu wengi huyachanganya haya mawili, na tofauti yake ni kubwa sana. Mtoto anaweza kukushika mkono akauvuta mpaka kwenye kikombe cha uji, akapata uji wake, lakini lori la mizigo likipita kwa kishindo asikugeukie hata mara moja ili mlitazame pamoja. Mama yake atasema, "Mbona anaomba vizuri tu?" Ni kweli anaomba. Kinachokosekana ni kule kushirikishana, na tangu nianze kulitumia dodoso hili hicho ndicho ninachokitazama kwanza mtoto mpya anapoletwa.

Maswali mengine yanakwenda njia hiyohiyo. Anaitika jina lake likiitwa? Ukimtabasamia, naye anatabasamu? Anakuletea kitu akuonyeshe tu, bila kutaka umsaidie? Likitokea jambo geni, anakutazama usoni aone wewe unalichukuliaje? Mzazi anayeyajibu kwa makini anatoka akiwa amejifunza kumtazama mwanawe, hata kama mtoto hana tatizo lolote.

Swali la kutazamana machoni ndilo linaloleta ubishi. Kwetu mtoto anayemkazia mkubwa macho huonekana hana adabu, na bibi mmoja aliniambia, "Sista, mjukuu wangu ana haya tu, amemfuata babu yake." Nikamwambia, "Sawa bibi, basi tumtazame wewe unapomvalisha nguo, maana hapo hakuna mgeni." Na dodoso lenyewe linauliza hivyohivyo: anakutazama machoni unapozungumza naye, unapocheza naye au unapomvalisha? Kuona haya mbele ya wageni ni jambo jingine kabisa.

Swali la kelele linanipa kazi zaidi. Mfano mmoja uliotolewa ni mashine ya kufyonza vumbi, kifaa ambacho wazazi wangu wengi hawana. Nasoma swali lilivyo, na mzazi akikwama namuuliza kuhusu mashine ya kusaga au honi ya bodaboda. Sipendi kuona watu wakiyaandika maswali upya kwa namna yao kisha wakasambaza. Watungaji hawaruhusu kubadilisha maneno bila idhini yao, na wana haki: swali likibadilika, alama zake hazina maana tena.

Kwenye alama ndipo wengi wanapotea. Kwa maswali mengi, "hapana" ndiyo inayohesabiwa kuwa alama ya hatari. Lakini swali la 2, la 5 na la 12 yamegeuzwa: hapo "ndiyo" ndiyo inayohesabiwa. Nimeona mama akilia kwa hesabu iliyokosewa, na nimeona mwingine akitulizwa na hesabu iliyokosewa, na huyu wa pili ndiye aliyenitia hofu zaidi. Jumla ya 0 hadi 2 ni hatari ndogo, ingawa mtoto aliye chini ya miezi 24 arudiwe akishatimiza miaka miwili. Kuanzia 8, mtoto apelekwe kwa wataalamu moja kwa moja. Kati ya 3 na 7 unaendelea na sehemu ya pili.

Na hiyo sehemu ya pili, ile herufi F mwishoni mwa jina, ndiyo isiyofika kwenye WhatsApp. Ni mahojiano: kila swali lililotoa alama linaulizwa tena kwa kina, kwa mifano, mpaka ijulikane mtoto hufanya nini hasa. Alama zikibaki 2 au zaidi, anapelekwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliohusisha zaidi ya watoto 16,000 wa Marekani, unaonyesha umuhimu wake. Katika watoto waliobaki na alama baada ya mahojiano na kisha wakapimwa, asilimia 47.5 walikutwa na usonji, na karibu asilimia 95 walikuwa na usonji, ucheleweshaji mwingine au jambo la ukuaji la kuangaliwa. Kwa hiyo dodoso halimpi mtu jibu la "ana usonji" au "hana". Linakwambia mtoto huyu asisubirishwe. Mtoto asiyeitika jina apimwe pia masikio. Hilo mimi siliachi kamwe.

Kasoro yake kubwa kwangu ni kwamba linaishia mlangoni. Mama anapata alama 9, anapewa rufaa, na miadi iko mbali. Kesho asubuhi afanye nini? Hapo mimi natumia mafunzo ya Shirika la Afya Duniani kwa walezi wa watoto wenye ucheleweshaji wa ukuaji, ambayo tangu 2022 yako pia mtandaoni bila malipo. Namwambia mama akae chini, usawa wa mtoto, amfuate kwenye kile anachokipenda hata kama ni kuzungusha kifuniko. Aseme neno moja, "zungusha", kisha asubiri. Uji asiujaze kikombe. Aweke kidogo, ashikilie jagi, ampe mtoto nafasi ya kuomba zaidi kwa macho, kwa mkono au kwa sauti. Picha ya kikombe ikibandikwa ukutani, mtoto asiye na maneno ana kitu cha kugusa. Haya yanaanza kabla ya miadi, na hayamdhuru mtoto yeyote hata ikija kuonekana hana usonji.

Ningependa sana kuona dodoso hili mikononi mwa wauguzi wenzangu kwenye hudhurio la miezi 18, watoto wanapoletwa kwa dozi ya pili ya surua na rubela. Mama ameshafika, kadi iko mezani, na Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinapendekeza uchunguzi wa usonji katika umri huohuo wa miezi 18, kisha miezi 24. Niseme na hili wazi, kwa sababu nalisikia kila mara: chanjo haisababishi usonji. Dalili huanza kuonekana katika umri ambao pia ni wa chanjo, basi watu wakaunganisha.

Nalipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeizuia kwa sababu ya mifano iliyo mbali na nyumba zetu na kwa kumwacha mzazi bila la kufanya. Lipakueni kwenye tovuti ya wenyewe, mchatscreen.com, wala si kwenye picha za simu, na mkilichapisha, chapisheni pamoja na kurasa za mahojiano.