Kulala kwa wenyeji Amantaní: kaa siku mbili, na hela mpe mama mwenyewe

Nimerudi kutoka Amantaní, kisiwa cha Ziwa Titicaca upande wa Peru, na nawaandikia wanaofikiria kwenda. Wilaya nzima ni visiwa viwili, Amantaní na Taquile, jumla kilomita za mraba 15. Gari hakuna. Wageni wanagawiwa kwa zamu, kila familia ipate wake, kwa hiyo nyumba huchagui.

Boti kutoka Puno, mji ulio ukingoni mwa ziwa, ilituchukua zaidi ya saa tatu. Mama aliyenipokea alitangulia kupanda njia ya mawe huku anasokota uzi wa sufu. Mimi nilisimama mara nne kuvuta pumzi: ziwa lenyewe liko mita 3,812, juu kuliko kituo cha Horombo pale Kilimanjaro. Akachuma majani ya muña kando ya njia, akayafikicha viganjani, akaniambia ninuse. Ni kama mnanaa, ila kali zaidi. Kifua kilifunguka palepale.

Chumba ni cha matofali ya udongo, safi, taa ya sola, mablanketi matano mazito. Yote matano niliyahitaji, maana Juni baridi ya usiku inauma. Maji ya moto ya kuoga hakuna, na choo kiko nje.

Chakula ndicho kilichonishika. Natoka Njombe, nimekulia kwenye viazi mviringo, na zao letu hilo asili yake ni milima hii. Mezani paliwekwa supu ya kinoa (mbegu ndogo za kule milimani), jibini ya kukaanga, na viazi vya zambarau, vya njano, na vingine virefu vyenye mafundo kama tangawizi. Halafu chuño, yaani viazi vya kukaushwa: vyeusi, vikavu, vyepesi mkononi kama maganda. Mama alinieleza kwamba wanavianika nje usiku wa barafu, jua la mchana likiviyeyusha wanavikanyaga kwa miguu mitupu maji yatoke, siku baada ya siku. Vikikauka hivyo vinakaa ghalani miaka. Kwenye supu vinanyonya mchuzi na kuwa laini kama sponji. Ladha ina udongo kidogo. Bakuli la pili niliomba mwenyewe.

Lawama yangu ni kwa wakala mjini Puno niliyemlipa safari yote. Mama aliniambia kinachomfikia yeye hakifiki nusu, na yeye ndiye anayepika, anayetandika, anayebeba maji. Boti ya wakala huondoka kesho yake asubuhi, wageni wakiwa hata majina ya watoto hawajayashika. Mimi niliiacha iende. Usiku wa pili nilimlipa mama mkononi.

Siku hiyo ya pili ndiyo niliyoifuata Amantaní. Tulipanda hadi kilele cha Pachatata, zaidi ya mita 4,100, kwenye hekalu linalofunguliwa kwa sherehe ya Januari tu. Kutoka pale nilionyeshwa matuta ya mawe yaliyozunguka kilima, mengine yamelimwa, mengine yameota majani. Yale ya majani, mama akasema, wenyewe wako mijini, Juliaca na Lima. Wanawe wawili pia wako huko, naye jembe la familia analishika na binti wa mwisho.

Mkienda, pandeni boti ya wenyeji asubuhi kwenye gati la Puno. Chukueni tochi, na mchele, sukari na matunda ya kumpelekea mwenye nyumba. Kisiwani matunda ni adimu. Machungwa yangu sita binti aliyagawa kwa majirani kabla hatujala.