Maduka ya Mnara wa Saa, Makka: baridi, laban na ugomvi wa riyali 18

Tulikwenda umra mimi na mavyaa wangu. Hoteli yetu ilikuwa mtaa wa Misfala, robo saa hivi kwa mwendo wake. Kila tukitoka Haram, Msikiti Mtukufu, kwa Mlango wa Mfalme Abdulaziz, ule namba 1, Abraj Al-Bait, jengo lenye Mnara wa Saa, hilo hapo usoni, mita 601 kwenda juu, na maduka yako chini yake. Siku ya tatu jua likatushinda, tukaingia.

Kinachokupokea ni baridi. Mavyaa alijifunga mtandio mpaka masikioni, akaniuliza, "Mwanangu, humu wanahifadhi samaki?" Chukueni kitu kizito, sifanyi mzaha. Na kama bado mko kwenye ihramu, ambamo manukato hayaruhusiwi, piteni mbali na maduka yake. Vijana wa mlangoni hawaulizi, wanapuliza tu.

Ngazi za umeme mavyaa alizikataa katakata, buibui litanaswa. Ikabidi lifti. Katikati ya asubuhi lifti inapatikana. Watu wakishatoka kusali, mtangoja mpaka miguu iote mizizi.

Marehemu baba yake mavyaa alihiji kwa meli, na alikuwa akiwasimulia ngome ya Waturuki juu ya kilima, inauangalia msikiti. Nikamwambia ndiyo hapa tuliposimama, ngome ya Ajyad ilibomolewa mwaka 2002 kupisha majengo haya. Akatazama duka la saa, akatazama la viatu. "Na kilima?" Nikamwambia kilisawazishwa. Hakusema neno mpaka tulipofika kwenye vyakula.

Huko juu kwenye vyakula, mmoja ashike meza, mwingine apange foleni, la sivyo mtakula mmesimama. Wali na kuku tulilipa riyali 28, sahani moja ikatutosha wawili. Lakini kilichonipendeza zaidi ni supamaketi ya Bindawood: laban baridi (maziwa ya mtindi ya kunywa), mikate, tende, maji, na bei ni za watu wa kawaida. Kila usiku uliobaki tulikula vya hapo.

Zawadi sasa. Geuzeni msala wa kusalia msome kitambulisho chake kwa nyuma. Niligeuza mitatu: miwili Uchina, mmoja Uturuki. Wa Uchina ni ule ule wa Kariakoo, na hapa hujalipa uzito wa begi bado. Kofia na tasbihi nilinunulia Misfala, kwenye barabara ya Ibrahim Al-Khalil, kule wanakoita "khamsa, khamsa", yaani tano tano, mpaka sauti inakauka. Riyali moja niliipata kwa kama shilingi 700, kwa hiyo piga hesabu yako kabla hujaona haya kuuliza bei.

Kilichoniudhi ni duka moja la manukato, jina nalihifadhi. Chupa imeandikwa 120. Nafika kwa keshia, mashine inasema 138. Kodi, ananiambia. Ndugu zangu, kodi ni asilimia 15 kweli, lakini bei ya kwenye lebo inatakiwa iwe nayo tayari. Nikamwonyesha lebo kwa kidole, yeye akanionyesha mashine. Tuko hapo hapo, adhana ya alasiri ikaanza. Akanyanyua mikono: "Baada salaa, hajja." Milango ya chuma ikashuka, taa zikapunguzwa, na ile korido iliyokuwa imejaa mifuko ikajaa safu. Mtu nisiyemjua alinisogezea nusu ya msala wake. Nikasali karibu na yule niliyekuwa nataka kumshtaki.

Walipofungua nikarudi, maana mimi ni mbishi. Akapiga 120 bila kuniangalia, na kichupa kidogo cha kuonjea akanitupia kwenye mfuko wangu.

Nje, mavyaa akauvuta mkono wangu akaunusa. "Mia na ishirini? Hata udi wa Ngamiani, Tanga, wanukia kuliko huu."