Uzoefu wangu: vitako vya kubadilishia mashine mezani, na fundi aliyesema asali inapikwa

Sikupanga kuandika. Lakini leo asubuhi nimetoa kinu cha karanga ili niweke mashine ya asali, bolti ya nne ikagoma kama kawaida yake, spana ikateleza, kidole gumba kikachubuka. Nimekifunga kitambaa, nimekaa, naandika.

Mimi nakamua asali na kusaga karanga hapa Isevya, Tabora, kwenye chumba ambacho meza mbili hazikai. Ukiingiza ya pili, mlango haufunguki. Kwa hiyo meza ni moja, ubao wa mninga mnene alioniachia marehemu baba, na juu yake mashine tatu zinagombea nafasi: ya skrubu ya kukamulia masega, kinu cha mkono cha karanga, na jiliwa, kile chuma cha kubania vitu, la kijana wangu anayetengeneza baiskeli jioni. Zamani kila mashine ilikuwa na matundu yake. Ubao ukawa chujio.

Wazo lilitoka kwa mpwa wangu. Alinionyesha kwenye simu Wamarekani wanaojaza upya maganda ya risasi nyumbani kwao. Risasi zao hazinihusu, macho yangu yalikuwa kwenye meza. Mtu ana mashine tatu nne za kugandamizia, kila moja imefungwa kwenye kitako chake cha chuma, na mezani kuna sahani moja isiyotoka. Anafungua bolti, anaondoa hii, anaweka ile, matundu ni yaleyale, kazi inaendelea. Wengi wamejitengenezea wenyewe kwa vipande vya chuma na mbao. Nikasema hiki ndicho ninachokitaka. Msimu ukifika, masega ya Sikonge yanaingia ndoo kwa ndoo na hayasubiri mtu atafute spana.

Nikaenda kwa fundi mmoja wa kuchomelea, upande wa stesheni. Jina silitaji. Mageti yake nimeyaona, ni mazuri, hilo simnyimi. Nilimpelekea patani niliyoikata kwenye boksi la sabuni, matundu manne nimeyatoboa kwa msumari wa moto ili yalingane na sahani ya mezani. Akaipokea, akaitazama, akaikalia. Sitanii. Kibao chake kilikuwa na vumbi, akaitandika chini, akakaa.

"Mama, mimi napima kwa jicho."

Hapo ndipo ningechukua patani yangu nikaondoka. Sikuondoka, nikatoa na nusu ya hela.

Baada ya kuniambia "njoo kesho" mara nyingi, nikapata kazi. Sahani ya mezani ikakaa vizuri. Kitako cha kwanza, cha mashine ya asali, bolti tatu zikaingia na ya nne ikagonga chuma. Cha kinu vilevile, ila tundu bovu lilikuwa kona nyingine, kwa hiyo hata kukigeuza hakusaidii. Nikakodi bodaboda, nikavirudisha vyote viwili pamoja na kile cha jiliwa ambacho hata sikuwa nimekijaribu.

Palikuwa na wateja wengine watatu. Akaviweka chini, akavizunguka, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Mama, mashine zako ndizo zimepinda. Halafu haya mambo ya chuma siyo kama kupika asali."

Kupika asali!

Jamani, asali haipikwi. Ukiipika umeiua, harufu inapotea, rangi inakuwa nyeusi, mnunuzi anayejua anaionja mara moja tu anaondoka. Ndiyo maana nahangaika na mashine ya skrubu: unakamua masega yakiwa baridi, asali inatoka safi, machicha yanabaki ya nta. Mtu amezaliwa Tabora, amekula asali tangu hajaota meno, anasema inapikwa, na watu wanacheka! Tundu lililokosewa ningelisamehe siku ileile. Hilo la kupika bado liko hapa kooni.

Nilichukua vitako viwili kwa hasira, cha jiliwa nikakiacha. Kosa langu.

Kilichofuata mmeshakijua. Nilifunga mashine ya asali kwa bolti tatu, nikajiambia zinatosha. Ndoo ya kwanza ikaenda salama. Ya pili, nilipofika mwisho wa skrubu, pale unapoegemea mkono kwa uzito wote, kitako kikainuka upande usio na bolti, mashine ikazunguka, sinia likaruka. Asali ikaenda kwenye saruji. Ndani ya nusu saa nyuki walijaa dirishani, na sisimizi walipanga foleni kutoka nyumba ya jirani.

Nikampelekea fundi mwingine, mzee wa Kiloleni asiye na maneno mengi. Aliweka rula ya chuma juu ya kitako akanionyesha mwanga ukipita chini yake. Kumbe hata ningekuwa na bolti nne, kisingelala. Alisema yule alichomelea upande mmoja moja kwa moja bila kupumzisha, na chuma kikipoa kinajivuta, sahani inakunjika kama chapati. Ilitakiwa kushika kidogo hapa, kidogo kule, ukibadilisha pande. Akakigonga kikanyooka, akayarefusha matundu kidogo ili bolti ipate nafasi ya kusogea. Sasa hicho cha asali kinaingia na kutoka kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Cha kinu bado sijakipeleka, ndicho kilichonichubua leo.

Nilikuwa nimeshaamua hapa naandika "msiende kwa mtu huyu". Lakini lazima niseme na hili. Sahani ya mezani haijasogea hata unywele. Chini ya ubao aliweka sahani ya pili, pana, ili nati zisizame kwenye mbao, na sikumwomba. Mbele aliinua mdomo mdogo wa chuma ambao kitako kinauingia kabla hujafunga bolti, kwa hiyo ukivuta mkono wa kinu, nguvu inabebwa na ule mdomo. Mzee wa Kiloleni aliupapasa kwa kidole, akasema, "Aliyeweka hiki anajua kazi." Iliniuma kuliko kidole.

Kwa hiyo nyota mbili. Haya, tatu, kwa ajili ya mdomo. Ukienda kwake, simama juu ya kichwa chake mpaka apime kwa patani, na mwambie aache nafasi ya kupitisha kitambaa, maana asali hudondokea kwenye pembe za chuma na ikikaa kwenye chuma kitupu inaweusha na kukila. Mimi kila jioni nafuta kwa maji ya vuguvugu kwa kutumia mswaki wa zamani.

Nilikuwa nimeshapoa kabisa, nikasema kijana wangu naye apate kitako chake, yaishe. Juzi nikapita kwa fundi. Akaniamkia kwa heshima, "Shikamoo mama," nikaitikia. Nikauliza kitako cha jiliwa. Akasema atakitafuta, kimepotea humo humo. Nikatazama chini. Jiko lake la mkaa, lenye birika la chai, limekaa juu ya chuma chenye matundu manne.

Nyota moja.